Msimu Mama Alipoota Pembe

Jumamosi, 9 Machi

Mama amefika. Kaka alimleta kwa gari lake saa tano asubuhi, mvua ya kwanza ya msimu ikiwa imeshaanza kupiga bati. Ilibidi tumpitishe mlangoni ubavuubavu, kaka kashika mabega, mimi miguu, naye akitusema kwa sauti ya chini kwamba hatujui kubeba mtu. Mama alikuwa mkunga miaka arobaini. Anajua mtu anabebwaje.

Wiki tano zimepita tangu ateleze bafuni akavunjika nyonga. Wamemtia chuma, kidonda kimefunga, na mtaalamu wa mazoezi anasema kilichobaki ni yeye mwenyewe kusimama. Hasimami. Nimempa chumba changu, kitanda karibu na dirisha. Alipolazwa tu akageukia ukutani.

Kaka alinivuta jikoni. "Nikimaliza kukarabati chumba cha nyuma namchukua. Na tafadhali sana, yale mambo yako usimwonyeshe."

Yale mambo yangu yamo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda kile kile anacholalia.

Jumapili, 10 Machi

Niyaandike basi, maana daftari halinisemi.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Siku za kazi nakaa chumba cha nyuma cha kliniki ya daktari wa meno, nachonga nta, namimina plasta, napiga msasa plastiki ya waridi mpaka ifanane na ufizi. Nina miaka thelathini na sita, sina mume, na jirani zangu wananijua kama yule dada mpole wa nyumba ya kona.

Jumamosi navaa pembe.

Tuko kama sitini, tumetapakaa miji mbalimbali, na tunajiita Wenye Pembe. Kila mmoja hubuni kiumbe chake, akashona mavazi yake na kuunda pembe zake kwa mikono yake. Za kwangu nimezitengeneza kwa plastiki ile ile ya fizi. Mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha, tunakutana ukumbini ana kwa ana. Mwaka mzima uliobaki tunaonana Bondeni. Bondeni hakuna basi la kukupeleka. Unavaa miwani mikubwa inayoziba macho yote, unashika vishikio viwili, na papo hapo uko kando ya mto, chini ya anga la zambarau, na watu wa kweli wanakusalimia kwa sauti zao za kweli kutoka katika miili waliyojibunia. Huko naitwa Kulungu. Ni mrefu kuliko mlango wowote niliowahi kupita.

Kaka aliwahi kuniuliza ninakimbia nini. Sikimbii kitu. Wateja wangu wanacheka kwa meno niliyowatengenezea, na hakuna anayewaambia kicheko chao ni cha uongo.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Mama amekula vijiko vitatu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Vijiko viwili. Mtaalamu wa mazoezi alikuja, mwanamke mvumilivu mwenye mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Akamwekea kile chuma cha miguu minne cha kutembelea. Mama akamwambia, "Kesho." Nimeanikia nguo zangu hapo, maana nje hazikauki.

Jumamosi, 16 Machi

Kwa furaha niliyo nayo, sijui hata nianzie wapi.

Nilivumilia wiki nzima bila Bondeni. Leo alasiri Mama alipokoroma nikanyata, nikavuta sanduku, nikaingia nikiwa nimesimama katikati ya chumba. Radi alikuwa mtoni. Radi ni rafiki yangu wa huko wa miaka mitatu, ana manyoya yanayomulika kama umeme na sauti kama ya msichana wa kwaya. Nikawa namweleza habari za Mama, natupa mikono huku na huko, mara nikasikia:

"Unaongea na nani? Na mbona umejifunga kitu usoni kama punda?"

Nikavua miwani. Mama alikuwa amekaa. Amekaa mwenyewe, kwa kiwiko! Sikuwa na uongo wowote karibu, nikamwambia yote, pembe, ukumbi, Bondeni, Kulungu. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wajawazito wake, macho kwenye mikono yangu. Nilipomaliza akasema neno moja.

"Nivalishe."

Nikamvalisha. Kisha vidole vya miguu yake vikaanza kucheza chini ya shuka.

"Kuna mto."

"Ndiyo, Mama."

"Maji yanatembea." Akainamisha kichwa. "Mbona sina miguu?"

Nikamwambia mgeni hupewa kichwa na mikono tu, mpaka atengeneze mwili wake.

"Basi nitengenezee miguu, unangoja nini?"

Jumapili, 17 Machi

Kutwa tumeunda mwili wa Mama. Kila nilichomwonyesha chembamba alikikataa. "Nataka makalio. Mtu bila makalio atasimamaje mbele ya watu?" Akachagua pembe za kondoo dume, zilizojikunja mara mbili. Jina nikamwambia abuni.

"Mimi ni mkunga."

"Mama, huku watu hujipa majina ya kubuni."

"Sibuni kitu. Andika Mkunga."

Kufika jioni walikuwa wakimwita Bibi Mkunga, na alikuwa amekula sahani nzima.

Jumatano, 20 Machi

Ana uwezo wa ajabu huyu mwanamke. Leo alizungumza na Radi kwa dakika tano, mimi nikiwafuatilia kwenye simu, kisha akamuuliza, "Mimba ya miezi mingapi?"

Miaka mitatu ya urafiki na mimi sikujua! "Umejuaje, Bibi?"

"Unavyohema ukiinuka. Miwani haifichi pumzi."

Miezi saba na nusu, mtoto wa kwanza. Mumewe dereva wa lori, wiki nzima yuko njiani. Alikuwa hajatuambia kwa sababu Bondeni ndiko mahali pekee ambapo watu hawamtazami tumbo. Mama akasema, "Basi hatutalitazama. Lakini miguu inavimba?"

Ijumaa, 22 Machi

Daktari kaniuliza kwa nini naimba kazini. Nikamwambia mvua.

Jumamosi, 30 Machi

Msumari katusomea kanuni upya. Msumari ndiye mwenyekiti wetu. Kwenye maisha ya kawaida ni karani wa ofisi ya barabara, na ukarani kauleta mpaka Bondeni. Kanuni kumi na nne. Ya kwanza: ni mwiko kumuuliza mtu jina lake la kweli wala anwani yake. Mama alilala usingizi katikati ya kanuni ya sita, akakoromea mkutano mzima. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yule bwana anachosha kama foleni.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimegombana na Mama, na bado moyo haujatulia.

Mtaalamu wa mazoezi amekuja mara saba na mara saba kaambiwa "kesho". Leo aliniambia mlangoni kwamba misuli ikizidi kulala, baada ya muda haitaamka. Nikaingia chumbani nimevimba. Mama alikuwa Bondeni anapanda kilima.

"Mama, simama."

"Mbona natembea? Leo nimefika mpaka kwenye maporomoko."

"Unasukuma kidole gumba, Mama! Hicho ndicho kinachotembea."

Akavua miwani. Nywele zilimsimama upande mmoja. "Na wewe? Huko una marafiki sitini. Tangu nimekuja hapa, ni nani amebisha mlango wako?"

Nikaenda kuanua nguo kwenye kile chuma, nikazirudisha zote maana zilikuwa bado mbichi.

Nimekaa jikoni nawaza. Siamini kwamba Bondeni ni uongo. Nimelia kule machozi yaliyolowesha sponji ya miwani. Lakini Mama kaona kitu. Nimejenga nyumba nzuri yenye mlango wa nyuma tu, nimesahau wa mbele.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimebisha kwa jirani kumuuliza kama paa lake linavuja. Linavuja. Tumekinga ndoo pamoja. Jirani huyu anachonga vinyago vidogo vya sabuni, ana kabati zima! Miaka minne naishi ukuta kwa ukuta naye.

Jumamosi, 13 Aprili

Kaka alikuja bila kupiga simu. Mama alikuwa kitandani amevaa pembe za kweli, nilizomuundia wiki hii kwa mabaki ya kliniki, ananionyesha alivyopendeza. Kaka alisimama mlangoni, maji yanamtiririka, mdomo wazi.

"Umemfanya mama yetu kinyago!"

"Nimejitakia mwenyewe," Mama akasema.

"Mama, wewe ni mgonjwa. Huyu ndiye mwenye akili zake, na ndiye aliyeota mapembe." Akanigeukia. "Nimekuletea mtu apone. Wiki tano, hajanyanyua mguu! Umempa mchezo."

Kilichoniuma ni kwamba nusu ya maneno hayo nilikuwa nimeyasema mwenyewe. Kaamua. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba anamchukua, na miwani haiendi.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua haijakatika tangu jana. Kazini maji yameingia hadi stoo ya plasta.

Jumapili, 28 Aprili

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika yote, hata kama daftari litaisha.

Kaka alifika saa saba mchana, amenuna, akaanza kukunja nguo za Mama na kuzitia kwenye begi. Mama aliomba jambo moja tu, awaage watu wake. Kaka akasema, "Dakika kumi." Nikamvalisha miwani, mimi nikafungua Bondeni kwenye simu ili nione na kusikia. Walikuwa wamekuja wengi, wamejipanga kando ya mto. Kila mmoja akasema neno lake. Radi peke yake hakusema.

"Radi, mbona kimya?"

Ikaja sauti nyembamba. "Bibi. Maji yametoka."

"Mafuriko yamefika na huko?" kaka akauliza, begi mkononi.

"Nyamaza," Mama akamwambia, na sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mdogo, alipokuwa akiamshwa na watu mlangoni. "Radi, maumivu yalianza lini?"

Yalianza juzi jioni. Alidhani ni mgongo, kwa sababu alikuwa akiinua magodoro maji yasiyafikie. Ua wao ulikuwa na maji ya magoti. Simu yake ilizama humo humo. Mumewe alikuwa ng'ambo ya daraja lililokatika. Kilichobaki ni miwani na intaneti ya nyumbani, na sisi.

Hapo Msumari akapita mbele ya watu, mapembe yake marefu ya chuma yakimulika. "Radi, niambie jina lako la kweli na mtaa wako. Upesi." Kanuni ya kwanza, yake mwenyewe! Akapewa. "Barabara zote za huko nazijua, na najua trekta gani linapita wapi. Nawafuata wauguzi." Mwili wake ukabaki umesimama pale kama mti. Mwenyewe alikuwa keshaondoka.

Mama akamwambia Radi avue miwani aiweke karibu ili sauti isikike, agonge ukuta amwite jirani yeyote. Akaja fundi viatu wa chumba cha pili.

"Fundi, umeosha mikono?"

"Nimeosha, Bibi."

"Osha tena, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko."

"Bibi, mimi naogopa damu."

"Ogopa huku unaosha."

Sitasahau nilichokiona kwenye ile simu. Mwili wa Radi wa Bondeni ulikuwa wima mtoni, unatabasamu kama ulivyoundwa, na ndani yake kinatoka kilio cha mwanamke anayejifungua. Wote wakazima sauti zao. Watu arobaini wenye pembe, hakuna aliyesogea.

Saa tisa na robo umeme ukakatika. Kisanduku cha intaneti kikazima, Bondeni ikaganda, na sauti ikakatika katikati ya neno. Nikapiga kelele. Mama akabaki amenyoosha mikono hewani, miwani usoni, anaita, "Radi? Radi?"

Kaka alikitazama kile kisanduku. Kaka yangu ni fundi majokofu. Akakigeuza, akasoma maandishi ya nyuma. "Volti kumi na mbili," alisema. "Sawa na betri ya gari." Akatoka kwenye mvua bila koti. Nilimwona akirudisha gari kinyumenyume juu ya maua yangu mpaka dirishani, akafungua boneti, akapitisha nyaya dirishani, akachuna ncha zake kwa meno. Dakika kumi na moja. Taa ya kijani ikawaka.

"Bibi? Bibi, usiondoke tena!"

"Niko hapa mwanangu. Siondoki. Unasikia kusukuma?"

"Ndiyo!"

"Basi niinueni," Mama akasema, na hapo alikuwa anatuambia sisi. "Sizalishi mtu nimelala."

Kaka akamshika makwapani, mimi kiunoni. Miguu ikagusa sakafu. Uzito wote ukamwangukia kaka, kisha kidogo kidogo ukaanza kuondoka kwake. Mama alisimama, ameinama mbele, mikono imeshika vishikio vya Bondeni, anamwambia Radi lini asukume na lini aheme juujuu kama anayepuliza moto. Sauti haikupanda hata mara moja.

"Kichwa kimetoka!" fundi viatu akapaza sauti. "Bibi, kuna kamba shingoni!"

"Ni kitovu. Kimelegea?"

"Kidogo."

"Pitisha kidole chini yake, ukivushe taratibu juu ya kichwa, kama unamvua mtu mkufu. Usivute kwa nguvu."

Kaka alikuwa anahema sikioni mwangu.

"Imepita."

"Hongera, fundi. Sasa mpokee, utelezi usikudanganye. Radi, sukuma mara ya mwisho."

Tukasikia kilio cha Radi, kisha maji, kisha kimya. Mama akasema, "Mkaushe. Msugue mgongo na kitambaa kikavu. Sugua, fundi, usimwogope." Nilihesabu moyoni. Nilifika kumi na nne.

Akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi. Na Bondeni yote ikalipuka! Arobaini wakafungua sauti kwa pamoja, simu yangu ikakoroma ikashindwa. Mama akawanyamazisha. "Bado! Mlaze kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunike wote wawili. Kitovu msikate. Kondo la nyuma likichelewa msivute. Ngojeni wauguzi."

Wauguzi walifika kwa trekta la ofisi ya barabara, wawili, wakiwa wamekaa juu ya magunia. Tuliwasikia wakimuuliza fundi viatu nani alikuwa anamwelekeza. Akawaonyesha miwani.

Mama akavua ya kwake. Akatazama miguu yake sakafuni, inatetemeka kama ya mwanambuzi.

"Nani kanisimamisha?"

"Umesimama mwenyewe," kaka akasema. "Mimi nilikuwa nashikilia tu." Alikuwa amelowa chapachapa, na si yote ilikuwa mvua.

Tukamlaza. Kaka akakaa kitandani kitambo. Halafu akafungua begi akaanza kuzirudisha nguo za Mama kabatini, moja moja, amezikunja vibaya vibaya.

Jumatatu, 29 Aprili

Mama anaumwa kila kiungo. Mtaalamu wa mazoezi alipobisha, Mama alimwita kabla hajakunja mwavuli. "Nina safari. Siwezi kwenda kumwona yule mtoto nimebebwa kama gunia."

Alhamisi, 2 Mei

Hatua nne.

Ijumaa, 3 Mei

Hatua mbili na matusi.

Jumapili, 12 Mei

Kutoka kitandani hadi jikoni! Jirani alikuwepo, akapiga makofi na kidau alichochonga kwa sabuni mkononi. Nilimwandikia Msumari kumshukuru kwa trekta. Kanijibu kwa barua yenye tarehe, kumbukumbu namba, na mstari mmoja: "Nililia ofisini mbele ya bosi." Nami niliwahi kusema anachosha.

Jumanne, 21 Mei

Mvua zimekwisha. Bati liko kimya mpaka masikio yanashangaa.

Jumamosi, 25 Mei

Ukumbi ulijaa. Pembe za mbao, za waya, za karatasi, za plastiki ya fizi. Nilitoka nyumbani nimevaa kila kitu, mchana kweupe, na jirani akanifunga kamba za mgongoni. Daktari alipita na gari, akapunguza mwendo, akanipigia honi. Jumatatu atauliza. Nitamjibu.

Kaka alituendesha. Alivaa suti yake ya harusini na akakataa pembe katakata. Msumari, mfupi, mwenye tai chini ya joho, alimuuliza mlangoni, "Na wewe ni kiumbe gani?"

"Mimi ni dereva wake," kaka akasema, akamfungulia Mama mlango.

Mama aliingia kwa miguu yake, chuma chake mbele, pembe za kondoo zimekaa sawasawa. Watu wakapisha njia. Sikuwahi kusikia watu sitini wakinyamaza kwa heshima namna ile. Mwisho wa njia alisimama mwanamke mfupi mwenye miwani ya kawaida ya kusomea, manyoya ya umeme mabegani, na kifurushi mkononi. Hakuwa amewahi kuja ukumbini hata mwaka mmoja.

"Bibi," akasema, na mara moja nikaijua sauti ya kwaya.

Mama akamtazama juu mpaka chini. "Nilikudhani mrefu."

Radi akacheka na kulia kwa pamoja. Nilitaka kumkumbatia, lakini Mama alikuwa kazini.

"Mfungue nguo. Nionyeshe kitovu."

Pale pale, katikati ya mapembe yote, mtoto akafunguliwa. Mama akainama, akaminya kidogo kwa kidole kimoja, akatazama, akanusa.

"Nani alikata?"

"Muuguzi, Bibi."

"Kakata vizuri. Kimefunga." Akamfunika mtoto. "Mlete."

Akaachia chuma, mikono yote miwili, akampokea. Mimi na kaka tuliruka kwa pamoja, tukanyoosha mikono nyuma ya mgongo wake, tayari kumdaka, bila kumgusa. Tulisimama hivyo muda mrefu, mikono imeanza kuuma, naye wala hakugeuka kututazama.